Jino la Mama Mkwe

Wiki iliyopita niliwaacha mkinihurumia, na nawashukuru. Wengi mmeniandikia nisikate tamaa. Yupo mmoja aliyenishauri niachane na udaktari wa meno nikauze barakoa, kwa kuwa riziki ya siku hizi iko huko. Huyo ndiye niliyemwelewa kuliko wote.

Kwa aliyelishika gazeti hili leo tu, nisimwache gizani. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa udaktari wa meno. Mtihani wetu mkubwa hauandikwi kwenye karatasi. Kila mtahiniwa huja na mgonjwa wake mwenyewe, aliyemtafuta mwenyewe, mwenye gego lililotoboka kwa kiasi. Tundu likiwa dogo mno halina alama. Likiwa limefika kwenye mshipa wa fahamu, huruhusiwi kuligusa. Linatakiwa la katikati, na mwenye nalo tunamtunza kama yai mpaka siku ya mtihani ifike.

Zamani halikuwa jambo gumu. Ulikaa kantini, ukawachekesha watu, ukachungulia. Ikaja korona, na chuo kikatoa amri zake: barakoa kila mahali, ifunike mdomo na pua, na yeyote anayeingia kliniki apimwe jana yake, aingie na jibu hasi. Dunia nzima ikafunga kinywa. Sasa niambieni, daktari wa meno atapata wapi tundu kwa watu ambao hata kidevu hawakionyeshi?

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa fundi viatu wa nje ya geti, na yaliyotukuta mnayakumbuka. Jino lake lilikuwa zuri mpaka nikawa naliota. Kisha wakamtia kijiti cha pamba puani, jibu likaja chanya, mtihani ukaniponyoka, nikafungiwa karantini mimi niliyekuwa mzima wa afya. Nikapewa nafasi ya pili, na ya mwisho. Nikiikosa hiyo, narudia mwaka mzima, na huko mtaani kwetu mama yangu mzazi ameshaanza kuitwa Mama Daktari. Tena anaitika.

Basi siku zikawa zinayoyoma, mtihani ni Alhamisi, na mimi sina jino. Jumapili nikaitwa kwa shughuli nyingine kabisa. Mama yake mchumba wangu alikuwa amekuja mjini kunitazama.

Mchumba wangu ni mwalimu wa hesabu. Tulijuana kwenye foleni ya kupimwa, kila mtu na barakoa yake, na mimi nikapenda macho kwa kuwa ndiyo yaliyokuwepo. Ni mtu wa maneno machache. Akicheka, hucheka kwa mabega. Nilidhani ni adabu ya ualimu.

Alinionya mapema kuhusu mama yake. Akasema ni mtu wa heshima zake, hapendi msichana anayeangalia watu usoni, hapendi anayecheka ovyo, na kubwa kuliko yote, hapendi anayezungumza kuhusu kazi yake mbele ya chai. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi nimelelewa.

Nilifika, nikasalimia kwa magoti, nikakaa ukingoni mwa kochi macho chini kama mwali. Mama mkwe alikuwa amekaa wima, barakoa yake imepigwa pasi. Madirisha yote yalikuwa wazi na viti vimeachana, maana naye habari za ugonjwa alikuwa anazisikiliza redioni asubuhi na jioni. Akaniuliza habari za nyumbani, nikajibu. Akaniuliza kama najua kushona, nikajibu nusu ya ukweli. Mambo yalikuwa yananyooka.

Ikaletwa chai. Akashusha barakoa chini ya kidevu, akanywa, na hapo mchumba wangu akasema jambo la utotoni mwake ambalo silikumbuki hata kidogo. Mama yake akaangua kicheko.

Silikumbuki kwa sababu hapo hapo niliona jino. Gego la chini, upande wa kushoto. Tundu la katikati, limekaa mahali pake, kingo zake safi, kama lililochorwa na mtunzi wa vitabu vyetu.

Kicheko kikaisha, mimi bado natazama. Mchumba wangu akanikanyaga mguu. Nikaendelea kutazama. Mama akapandisha barakoa polepole, akaniuliza kama kuna kitu usoni kwake.

Mtu mwenye akili angesema hakuna. Mimi nikamwaga yote kwa pumzi moja: mtihani, fundi viatu, karantini, kurudia mwaka, Mama Daktari anayeitika, na gego lake la kushoto. Nilipomaliza, mama mkwe aliweka kikombe chini. Mchumba wangu alikuwa anatazama dari.

"Kwa hiyo," mama mkwe akasema, "mimi nimesafiri kuja kukuona wewe, na wewe umeniona jino."

Nikasema naomba radhi. Nikasema nitaondoka. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka nilipoona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka ndani ya barakoa.

Akasema mtoto wa watu hawezi kurudishwa mwaka mzima kwa sababu ya jino bovu lililomfanya yeye mwenyewe atafunie upande wa pili. Akanivuta karibu na dirisha, akafungua kinywa, nami nikamchungulia kwa tochi ya simu, mkwe wangu wa kesho, nikiwa nimempigia magoti kwa mara ya pili siku hiyo. Jino lilifaa. Nililia pale pale, na sioni haya kulisema hili gazetini.

Jumatano wakaenda kupimwa, yeye na mwanawe, kwa kuwa amri ilisema hata msindikizaji apimwe. Kituo kilikuwa ndani ya ukumbi wa michezo, chini ya kapu la mpira. Nilisimama ng'ambo ya kamba nikimtazama mama mkwe akivutana na mpimaji. Alitaka kujua kwa nini mgonjwa wa jino anachokonolewa pua. Mpimaji akamweleza kwa adabu. Mama akamjibu kwamba ameelewa, lakini pua yake haijaelewa, na apewe muda wa kuzungumza nayo.

Wakapimwa, wakaondoka. Mimi nikarudi bwenini kunoa mikono. Nilikuwa na furaha, na furaha yangu siku hizi hainiletei jambo jema.

Alhamisi asubuhi jibu la mama likaingia kwenye simu yake: hasi. La mwanawe lilikuwa bado. Mlangoni mwa kliniki alikaa nesi mmoja ambaye hata mkuu wa chuo anamwogopa. Mwenye jibu hasi alimfunga utepe wa kijani mkononi, akaingia. Anayesubiri jibu alimfunga wa njano, akaishia kwenye ukumbi wa nje, nyuma ya kioo. Mama akapata kijani. Mchumba wangu akapata njano, akasimama kule nje akinipungia mkono kwa woga.

Ndani kulikuwa na watahiniwa wa kundi zima la asubuhi, kila mmoja na kiti chake, kila kiti kimezungushiwa pazia la plastiki. Mashine zilikuwa zinalia kila upande. Na katikati alikuwa anatembea Profesa, ambaye sisi tunamwita Pua.

Anaitwa hivyo kwa sababu ndilo neno lake. Ukipita naye na barakoa imeteleza kidogo, atakunyooshea kidole na kusema neno hilo moja tu, pua, na kama una akili unapandisha kabla hajalirudia. Amri zote za kliniki kaziandika yeye. Mwezi uliopita alimtoa nje mwanafunzi aliyepiga chafya, na yule kijana alikuwa amepiga chafya kwenye simu, yuko kwao.

Mama alikuwa amevaa nguo za harusini. Nilimlaza kitini, nikamfunga kitambaa kifuani, nikavuta taa. Nikamwomba ashushe barakoa afungue kinywa.

Akafungua. Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia, nikadhani nimechanganyikiwa pande. Nikarudi kushoto.

Jino lilikuwa limezibwa. Halikuwa na tundu wala dalili ya tundu. Limezibwa kwa kizibo cheupe, laini, kinang'aa chini ya taa yangu.

Nilimuuliza mama kwa sauti ndogo kumetokea nini. Macho yake yalikuwa yanacheka, ya mtu aliyekuletea zawadi.

"Juzi usiku sikulala, mwanangu," alisema. "Nikajiuliza, nitakufungulia kinywa chenye jino bovu, mbele ya walimu wako? Watasema mkwe wako mchafu. Mgeni akija si unafagia kwanza? Basi jana tulipotoka kupimwa nikapita peke yangu kwa daktari wa mjini, akanifagilia."

Jamani. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kulala pale chini ya kiti. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na mti wangu wa mwisho ulikuwa umetelezeshwa kwa mapenzi. Ningemlaumu vipi? Alikuwa amekwenda kuteseka kwenye kiti cha mtu mwingine ili mimi nisione aibu.

Pua akafika kabla sijapata la kufanya. Akapitisha kichwa kwenye plastiki, akachukua kioo kidogo, akatazama kinywani mwa mama. Akatazama muda mrefu. Kisha akaniuliza tundu liko wapi.

Nilikuwa na njia ya kujitetea. Ningesema mgonjwa kanivurugia, na ingekuwa kweli. Nilimtazama mama mkwe na nguo zake za harusini, nikasema kosa ni langu, sikumweleza mgonjwa vizuri.

Profesa akasema hawezi kunipa alama kwa kazi ya mtu mwingine. Akaongeza kwamba aliyeziba ana mkono mzuri sana, angempa mia. Kisha akaanza kuvua glavu, na mimi nilijua akimaliza kuvua ile ya pili ndiyo basi, mwaka wangu umekwisha.

Mama mkwe alikuwa amekaa wima kitini. Sasa alikuwa ameelewa. Uso wake ulianguka, kisha ukabadilika, ukawa uso wa mama anayetafuta mtoto wa kumtuma. Akauliza kwani lazima liwe jino lake yeye.

Profesa akasimama na glavu moja. Akasema hapana, liwe la yeyote, ilimradi linafaa na mwenyewe anakubali.

Mama akageuka, akamtazama mwanawe kule nyuma ya kioo, akamwita kwa kidole.

"Huyu ana tundu tangu alipoanza kufundisha," aliniambia. "Anaogopa sindano. Kaniapisha nisikwambie, eti utamwacha."

Ndipo nikajua kicheko cha mabega kilitoka wapi. Nimechumbiwa na mtu mwenye jino la mtihani, nimezunguka chuo kizima nikiwachungulia wapita njia, na tundu langu lilikuwa linanisindikiza bwenini kila jioni. Nilikasirika, nikafurahi, sijui kipi kilitangulia.

Kwenye mlango nesi alimzuia. Akasema njano ni njano. Mama akaeleza, mimi nikaomba, nesi akatikisa kichwa. Akasema amri si yake, ni ya Profesa, na kama Profesa anataka kuivunja aje aivunje mwenyewe.

Wote tukamgeukia Pua. Mzee wa watu alitazama saa ya ukutani. Akanitazama mimi. Sijui aliona nini juu ya barakoa yangu, labda aliona macho ya mtu aliyekwisha, kwa sababu alihema na kusema jambo ambalo hakuna mwanafunzi wa chuo kile angeamini limetoka kwake.

Akasema majibu kwa kawaida huwa yameingia kufikia saa ile. Huyu akae kiti cha mwisho, cha dirishani. Yeye Profesa atatazama mara moja tu kama jino linafaa, kisha mgonjwa afunike mdomo tusubiri ujumbe. Bila jibu hasi, hakuna sindano wala mashine. Nesi akainua nyusi, akasogea pembeni.

Mchumba wangu akaletwa kama mshtakiwa. Alilala kitini, akashika mikono ya kiti mpaka vidole vikabadilika rangi. Akashusha barakoa. Profesa akainama. Ngao ya plastiki aliyovaa mbele ya uso, juu ya barakoa, ikaingia ukungu, akaifuta, ikaingia tena. Mara ya tatu akaipandisha juu ya paji la uso, akainama zaidi, na kwa muda akawa uso kwa uso na kinywa cha mchumba wangu, barakoa yake peke yake ikiwatenganisha.

"Binti," akasema, "tundu hili ni la kitabuni. Andaa vyombo."

Mama alipiga makofi bila sauti. Mimi nilipanga vyombo huku nikimshukuru Mungu. Mchumba wangu, barakoa imerudi usoni, akaniuliza polepole kama nitampenda na meno yale. Nikamwambia sijawahi kupenda jino la mtu kiasi kile. Akacheka, na safari hii alicheka kwa sauti, akakohoa kidogo, akasema ni woga tu.

Simu yake ikatetemeka mfukoni.

Hakuweza kuitoa, mikono ilikuwa haimtii. Mama akaitoa, akaitazama kwa mbali, akasema miwani yake kaiacha nyumbani, akanipa mimi. Mchumba wangu akafumba macho. Akaniambia, "Soma wewe."

Nikasoma. Ujumbe ulikuwa na salamu za chuo, jina lake, tarehe, na mwishoni neno moja. Nikalisoma tena, labda nimeliruka kwa haraka. Halikubadilika. Chanya.

Nilinyanyua kichwa. Nikaona chumba kizima kwa mara ya kwanza siku ile. Wenzangu wa miaka mitano, kila mmoja ameinamia kinywa cha mtu, meno yamefunguliwa nusu, ganzi imeshaingia. Nikisema neno lile, amri ya Profesa mwenyewe inafunga mlango pale pale, kila mashine inazimwa na mtihani wa kila mtu unafutwa, si wangu peke yangu. Nikamwona Pua, kapandisha ngao yake, mtu aliyevunja amri yake mara moja maishani kwa ajili yangu. Nikamwona mama, kaweka mkono kwenye bega la mwanawe, akinitazama kwa matumaini.

Na simu ilikuwa mkononi mwangu. Mama hana miwani. Mchumba wangu kafumba macho. Hakuna mwingine aliyeliona.

Nawaambia wasomaji wangu ukweli, maana ndiyo sababu naandika: nililifikiria. Neno lile jingine ni fupi, lingetoka kirahisi, na mwaka wangu ungepona. Nililifikiria kwa muda mrefu kuliko inavyompasa daktari.

Profesa akageuka kunitazama. Mashine ya kiti cha jirani ikanyamaza, kisha ya pili yake.

"Enhe, binti," akasema. "Jibu linasemaje?"

Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu amri zile zitolewe, nikashukuru kwamba hakuna anayeuona.